Mteremko wa Mikanjuni

Sajini Katana alikuwa amejificha nyuma ya mkanju, na hilo ndilo lililomchoma Alfani kuliko kosa lenyewe. Mtu mzima, mwenye kofia ya serikali na vifungo vya shaba, kuchutama nyuma ya mti kama mwizi wa kuku! Alipochomoka na kusimama katikati ya barabara, mkono mmoja juu na mwingine umeshika saa, Alfani alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Lori liliyumba, likalalama, likasimama karibu kabisa na viatu vya sajini. Ubavuni, kwa rangi ya kijani iliyoanza kubanduka, tajiri wake Alfani alikuwa ameliandikisha jina: SUBIRA.

Ramadhani ilikuwa katika kumi lake la kwanza, Uhuru ulikuwa umetimiza miaka mitatu juzi tu, na jua lilikuwa limebakisha kidogo lizame. Alfani alikuwa ametoka kupeleka nazi Mombasa. Kando yake kitini kulikuwa na kikapu cha tende, sukari na unga wa ngano, futari ya nyumba nzima. Kule chini, mteremko unakoishia na kijiji kinakoanzia, aliwaona wanawake wamekwisha simama kando ya barabara, mikono juu, na watoto wamepangwa kwenye ukuta wa madrasa. Kila jioni ndivyo walivyomtokea akipita na honi yake. Leo wamesimama bure, alijisemea, na hasira ikampanda.

"Salaam aleikum, sajini."

"Aleikum salaam. Habari za saumu, Alfani?"

"Njema, lau watu wangetuacha tukaifungua."

Katana hakucheka. Alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo, mtu wa maneno machache. Alimwonyesha ile saa. Konstebo wake alikuwa juu ya kilima, kwenye jiwe lililopakwa chokaa, na kazi yake ilikuwa kushusha leso gari linapopita. Katana akiiona leso ikishuka, hubonyeza saa. Gari likifika kwenye jiwe la chini, hubonyeza tena.

"Umeteremka kwa maili hamsini. Hapa ni thelathini."

"Kibao kiko wapi?"

"Kimeanguka."

"Kimeanguka tangu masika! Mwataka nisome kibao kilicholalia tumbo?"

"Alfani, wewe wakaa hapa. Kiliposimamishwa ulikuwepo, ukawapa mafundi maji. Wajua fika kimeandikwa nini."

Wakati huo huo gari jeusi lilitokea juu ya kilima, likateremka likivuma, likawapita kwa upepo uliomvua Alfani kofia yake ya viua. Katana alikakamaa akapiga saluti. Alfani aliokota kofia, akaipangusa vumbi polepole, makusudi, ili sajini aone.

"Na huyo je?"

"Huyo sikumpima."

"Hukumpima kwa nini?"

Katana alitoa daftari lake mfukoni. "Mimi pia nina watoto, Alfani," alisema.

Basi akaanza kuandika, na mwandiko wake ulikuwa wa mtu achongaye mwiko. Aliuliza jina analolijua na kijiji kilichoonekana pale chini. Koo lilipomkauka, aliinua chupa ya maji iliyofungwa kitambaa kibichi akanywa, akakumbuka, akaona haya, akaificha nyuma yake. Alfani aligeuza uso. Saumu yake ilikuwa shwari tangu alfajiri, na sasa aliiona yatikisika kwa chuki.

Adhana ilitoka kule chini, kwa muadhini wa kijijini kwake mwenyewe.

"Magharibi imeingia," Katana alisema. Alimimina maji kwenye kifuniko cha chupa kwanza, akakisuuza, kisha akamnyoshea chupa yote kwa mikono miwili. "Karibu, fungua."

"Ahsante. Sitaki."

"Ni maji tu, ndugu yangu."

"Maji ya mtu anayenivizia nyuma ya mti? Heri nife kiu."

Ndivyo alivyojibu, na tende ziko kitini mwa lori, mkono tu aunyoshe. Lakini mtu akishapandwa na kiburi haoni hata kilicho puani. Aliipokea karatasi ya kuitwa mahakamani, na juu yake Katana alikuwa ameandika kwamba hilo lilikuwa kosa la tatu mwaka ule. Safari iliyopita hakimu wa Kwale alimwambia waziwazi: ukirudi hapa, leseni utaniachia.

*

Nyumbani walikwisha kufuturu na kuswali. Mishi alikuwa amemfunikia mumewe uji wa mtama na muhogo wa nazi, na mama yake Mishi, bi Mwanarusi, alikuwa ukumbini akivuta tasbihi.

"Umefuturu?" Mishi aliuliza.

"Nimefuturu wapi? Katana kanisimamisha adhana yaadhiniwa."

"Mpaka saa hizi? Na hiyo tende yote?"

"Nilikuwa naandikwa, mwanamke! Ungetaka nitafune mbele ya serikali?"

"Hata maji huyo Katana hakuwa nayo?" bi Mwanarusi aliuliza kutoka ukumbini. "Wagiriama nawajua mimi, hawamnyimi mtu maji."

"Hakuna aliyenipa kitu, mama," Alfani alisema, akainamia bakuli.

Alikula kwa kelele za kijiko. Kisha akaanza kulalama, na Mishi, aliyezijua lawama zake zote kwa mpangilio wake, alikaa akazisikiliza kama mtu anayengoja mvua ipite. Faini si haki. Faini ni ya maskini. Tajiri hupigiwa saluti. Mkoloni alikuwa akitutoza kodi ya kibanda, sasa mtu mweusi mwenzetu anatutoza kodi ya mbio. Na Ramadhani nzima huyo Katana hatoki asubuhi wala adhuhuri. Hutoka jioni, anapojua kila Mwislamu mwenye gari yuwakimbilia futari yake.

"Yuwatoka jioni kwa sababu jioni ndiyo mwakimbia," Mishi alisema.

"Usinianze."

"Sikuanzi, Baba Mbodze. Lakini hiyo mbio yenyewe, pale chini penye madrasa..."

"Nimesema usinianze! Nimeshinda na njaa na jua, leseni yangu yataka kwenda, nawe wanipigia hotuba?" Alisukuma bakuli. Akashusha pumzi, akalainisha sauti. "Sikiliza. Kuna jambo wewe waweza kuniokoa. Twende nawe Kwale. Useme siku ile ulikuwa mgonjwa, nimeletewa habari Mombasa, nikawa nakimbilia kukupeleka hospitali Msambweni. Hakimu naye ana mke. Ataelewa."

Mishi alimtazama kana kwamba ndio kwanza amwone.

"Kinywa hiki nakifunga wali na maji kutwa, kisha nikifungulie uongo mbele ya hakimu?"

"Ni uongo wa kusaidia nyumba."

"Basi usaidie wewe. Mimi nitakuja Kwale, nitakaa nyuma, nitakuombea dua. Ugonjwa sina, na sitauita."

Ukumbini tasbihi ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Alfani alijua mkwewe amesikia kila neno, na kesho yake hakuweza kumtolea shikamoo bila kutazama chini.

*

Likoni, foleni ya kivuko ilikuwa ndefu kama kawaida, na madereva waliokuwa wamefunga walikuwa wamejilaza vivulini mwa malori yao. Hapo ndipo Alfani alipomkuta Salimu. Salimu alikuwa dereva kijana, leseni safi, gari hana. Alishinda Likoni akingoja mwenye lori augue ama afukuzwe ili ashike usukani wake. Alikuwa mcheshi, na kila mtu alimpenda kwa kuwa hakuwa na cha kumnyima mtu.

Habari ya Katana ilizua mjadala. Mmoja alisema dawa ni kuwashiana taa: ukiona askari, mwashie mwenzako ajaye. Mwingine alisema dawa ni kukubali kosa haraka, kulipa na kuondoka, maana ukibishana na hakimu utalipa na ya ubishi. Mzee mmoja wa Lunga Lunga alisema dawa ni wote wagome, pasiwe na nazi wala samaki Mombasa hata wiki moja. Walimwitikia kwa sauti kubwa, na kivuko kilipofika kila mmoja alikimbilia lori lake asipoteze zamu.

Hakuna hata mmoja aliyesema dawa ni kwenda polepole. Lingekuwa neno la ajabu.

"Kaka Alfani, wewe una hoja na huioni," Salimu alisema, akidandia ngazi ya lori. "Sunna."

"Sunna gani?"

"Kuharakisha futari si sunna? Jua likizama tu, ufungue, usicheleweshe. Sasa wewe ulikuwa watekeleza dini yako, na serikali hii imesema kila mtu na dini yake. Mwambie hakimu hivyo. Atakufunga kwa kufuata sunna? Athubutu!"

Alfani aliwasha injini. Alilisikia lile neno likimwingia taratibu na kumkaa vizuri. Hakulazimika kusema uongo, hakumhitaji Mishi, na lilikuwa na heshima ndani yake. Alimpa Salimu kipande cha safari hadi ng'ambo, na njia nzima wakawa wanalipamba.

*

Mahakama ya Kwale ilikuwa na benchi moja nje, na benchi lilikuwa limejaa. Alfani alisimama juani tangu asubuhi na kanzu yake ya Idi, akijifuta jasho kwa ncha ya mkono. Karani alitoka mara mbili akamwita "wewe wa lori." Mara ya pili alimwambia avue kofia. Alfani alisema kofia hii ni ya dini. Karani alisema hata ya chuma huvuliwa. Akaivua, na Mishi, aliyekuwa kando yake na buibui lake, akaipokea akaikunja vizuri akaiweka kifuani.

Hakimu alikuwa mtu wa bara, mwenye miwani na mafua. Alisoma mashtaka, akapenga kamasi, akauliza, "Lori hili linaitwa Subira?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Watu walicheka. Alfani alingoja wamalize.

"Unakubali ulikuwa ukiendesha kwa maili hamsini?"

"Mheshimiwa, mbio nilikwenda, sikatai. Lakini naomba mahakama ijue sababu. Mimi ni Mwislamu, na mwezi huu ni mtukufu. Tumeamrishwa tukifunga tusicheleweshe kufuturu. Mwenye kuchelewesha makusudi ameacha sunna. Jua lilikuwa lazama, nami niko njiani. Nilikuwa naharakisha kutimiza dini yangu. Kama hilo ni kosa, basi nihukumiwe."

Alilisema vizuri, kwa sauti iliyotulia, na watu kadhaa nyuma walitikisa vichwa. Mzee mmoja alisema "maneno hayo" kwa sauti ya chini. Hata hakimu aliweka kalamu akafikiri. Alfani alimtupia jicho Mishi, kama kumwambia: umeona? Mishi alikuwa akiiangalia kofia mikononi mwake.

"Sajini, una la kusema juu ya hili?"

Katana alisimama. Alionekana kama mtu aliyetamani kuulizwa jambo jingine.

"Mheshimiwa, adhana ilitukuta pamoja barabarani. Mimi si Mwislamu, lakini nimeishi nao. Nilisuuza kifuniko, nikampa maji afungue. Alikataa."

"Alikataa?"

"Alisema heri afe kiu. Na kikapu cha tende kilikuwa kitini mwa lori. Nilikiona. Aliondoka kwangu usiku umekwisha kuingia, hajatia kitu kinywani."

Kicheko cha safari hii hakikuwa kama kile cha kwanza. Kilianzia nyuma, kikasambaa, na yule mzee wa "maneno hayo" ndiye aliyecheka mpaka akapaliwa. Karani aligonga meza. Alfani alihisi masikio yake yawaka moto. Lakini hakuogopa kicheko. Aliogopa kugeuka nyuma, kwa kuwa alijua Mishi amesikia, na alikumbuka alivyomjibu mama yake Mishi siku ile.

"Kwa hiyo," hakimu alisema, "uliharakisha lori, na futari ukaichelewesha mwenyewe. Kuna jingine?"

Alfani alitafuta. Lilikuwapo, na lilikuwa la kweli. "Mheshimiwa, siku hiyo hiyo gari jeusi lilipita mbio kunishinda. Sajini alilipigia saluti. Mimi nauliza tu, sheria ni ya nani?"

Katana alitazama viatu vyake. Hakimu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akaivaa tena.

"Mahakama hii inamhukumu aliyeletwa mbele yake," alisema. "Gari hilo halikuletwa."

Alitoza faini, na leseni akaiweka ndani ya mtoto wa meza yake. Miezi mitatu.

*

Walipokaribia nyumbani Mishi alimrudishia mumewe kofia yake.

"Ulisema hukupewa kitu."

"Nilikuwa na hasira."

"Ulitaka mama amlaani mtu wa watu. Ramadhani, Baba Mbodze! Mtu kakupa maji kwa mikono miwili."

Kwanza ilimpasa Alfani amwambie bi Mwanarusi ukweli, naye alimsikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Nilikwambia, nawajua," akaendelea na tasbihi yake. Kisha ilimpasa aende kwa tajiri wake, Suleiman, kurudisha ufunguo. Alitembea hadi Ukunda akiwa na maneno yake tayari: kwamba lori lipumzike, injini yataka kufunguliwa, miezi mitatu si mingi. Alipofika alimkuta Salimu ameketi barazani kwa Suleiman, ameoga, nywele zang'aa mafuta.

"Nazi haziwezi kungoja, Alfani," Suleiman alisema kwa upole. "Mkabidhi mwenzako."

Salimu aliupokea ufunguo akakosa pa kuweka macho. "Kaka, wallahi sikukusudia. Ile hoja ilikuwa nzuri. Maji ndiyo yaliyoiharibu."

"Breki ya kushoto huvuta," Alfani alimwambia. "Usiikanyage kwa ghafla." Hakuwa na jingine la kumpa.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu mno. Alikwea minazi ya watu, na umri wake wa kukwea ulikwisha pita. Alifunga kibanda kilichokuwa kikilegea tangu mwaka jana. Asubuhi alijikuta anasimama uani akiisikiliza Subira ikipita kuelekea Likoni, na kwa mlio tu alijua Salimu ameingiza gea gani na kwamba ameiingiza vibaya. Kila aliyepita alipewa lawama zile zile: Katana, mkanju, saluti, gari jeusi. Watu waliitikia, maana zilikuwa za kweli, kisha wakaendelea na safari zao.

Jioni moja karibu na mwisho wa mfungo, alitoka akakaa kwenye gogo kando ya barabara, chini ya mteremko, tende moja ya kufuturia kiganjani. Hakuwa amewahi kukaa pale saa hizo. Saa hizo yeye siku zote alikuwa juu, usukanini. Kumbe palikuwa na pilika. Watoto walikuwa wakitoka madrasa, wengine wakivuka na sahani za futari zilizofunikwa kawa, mtoto huyu kupeleka kwa bibi, yule kwa jirani; ndiyo desturi ya mwezi, na barabara ndiyo iliyokigawa kijiji. Mbodze, binti yake, alikuwa ameichuchumalia lami na mwenzake, wakicheza mdako kwa vijiwe, pale pale katikati, kwa kuwa lami ilikuwa na joto na laini.

Kisha akaisikia Subira juu ya kilima. Aliujua mlio ule kama kikohozi cha ndugu. Alisikia injini ikilegea: Salimu ameitoa gea, ameiachia iteremke yenyewe, kama alivyokuwa akifanya yeye mwenyewe kila jioni apate kufika kabla ya adhana.

"Lori!" Sauti ilikuwa ya Mishi. Alitoka uani mbio, mikono na unga. "Lori hilo! Tokeni! Tokeni njiani!"

Nyumba zote zilitema wanawake. Walijipanga kando ya barabara, wakainua mikono juu, viganja vimeelekea kilimani, wakivipunga chini, chini, chini, taratibu, taratibu. Wengine waliwachota watoto kwa migongo ya kanzu na kuwabandika ukutani pa madrasa. Bi Mwanarusi alikuwa amesimama mlangoni pa madrasa na bakora yake imeziba njia, na nyuma ya bakora watoto wadogo wamebanana. Hakuna aliyeuliza mwenzake afanye nini. Kila mmoja alikuwa na nafasi yake.

Mbodze alisimama, akapiga hatua, akarudi kuokota vijiwe vyake.

Alfani hakukumbuka kuinuka. Alikumbuka tu mkono mwembamba ndani ya mkono wake, na mvumo wa upepo mgongoni, na yeye na mtoto wakiwa wameanguka juu ya nyasi. Alipiga magoti, akageuka, akainua mkono juu, kiganja kimeelekea lori, na akapiga kelele kwa sauti asiyoijua, "Polepole! Polepole, we!"

Salimu, juu kule usukanini, alikiona kijiji kizima kimemtokea. Alicheka meno yote nje, akatoa mkono dirishani akawapungia, na akapiga honi mara tatu.

Vumbi lilichukua muda kutua. Wanawake waliteremsha mikono, wakajipangusa, wakarudi kwenye vyungu vyao bila kusema kitu, kama watu waliomaliza kazi ya kila siku. Mbodze alikuwa akilia kwa ajili ya kijiwe kimoja kilichopotea. Mishi alikuja akapiga magoti, akamkagua mtoto mikono na magoti, kisha akamkagua mumewe.

"Kila siku?" Alfani aliuliza.

"Kila siku ya Mungu."

Muadhini alianza. Mishi aliitoa ile tende kiganjani mwa mumewe, imejaa mchanga, akaipangusa kwa kanga akamrudishia. Alfani hakuila.

"Mbona hukuniambia, Mama Mbodze?"

"Nilikwambia," Mishi alisema. "Sote tulikwambia. Wewe ulikuwa wapiga honi."